Meru Si Mlima wa Wageni Peke Yao

Asubuhi isiyo na mawingu Mlima Meru unaonekana mzima kutoka Mnara wa Saa, katikati ya jiji la Arusha: mita 4,566 za mwamba na majivu, wa pili kwa urefu nchini Tanzania baada ya Kilimanjaro. Kijana aliyekulia Sakina, Ngarenaro au Tengeru anauona kila siku akienda shule. Anajua kuwa wingu likitanda huko juu mchana, nguo zilizoanikwa ziingizwe ndani. Anamfahamu kaka wa mtaani aliye mgumu, mmoja wa wale wanaobeba mizigo ya watalii kwa malipo ya siku, na pengine dada aliyesomea kuongoza wageni. Lakini akiulizwa kama yeye mwenyewe amewahi kufika japo kwenye geti la hifadhi, jibu la kawaida ni kicheko. Mlimani? Kufanya nini?

Swali hilo linastahili jibu. Mtu wa Munich au Chicago hubadilisha ndege, hulipa kwa dola na kuchukua likizo ili auone mlima ambao mwanafunzi wa Usa River anaufikia kwa basi la shule na kurudi nyumbani kabla ya chakula cha jioni. Mwananchi hulipa kiingilio kwa shilingi, tena kidogo sana kuliko mgeni, na watoto hulipa pungufu ya watu wazima. Umaskini upo, hakuna haja ya kuuficha. Hata hivyo, kwa safari ya siku moja, kinachowazuia wengi ni mazoea kuliko fedha. Mlima umekwisha kuhesabiwa kuwa kazi kwa watu wazima na starehe kwa wageni, na mtoto wa nyumbani hakuwekwa kwenye hesabu.

Basi awekwe. Sharti ni moja, na wapangaji wengi wa safari za vijana hulipuuza: wapandishwe ili wausome mlima. Picha ya kwenye ubao wa kileleni ingoje.

Hifadhi ya Taifa ya Arusha ilianza mwaka 1960 ikiwa ndogo, ikachukua jina la Kreta ya Ngurdoto, na Mlima Meru ukaongezwa mwaka 1967. Ukitoka mjini kuelekea Moshi, ukishapita Usa River, kuna barabara inayochepuka kushoto. Inapita Ngurdoto, inazunguka kando ya maziwa ya Momella, na inafika kwenye geti la Momella, mita 1,500 kutoka usawa wa bahari. Wazee wa maeneo hayo watawaambia vijana kwamba John Wayne alikuja hapa kuigiza filamu ya Hatari!, iliyotoka mwaka 1962. Vijana hawamjui John Wayne. Waachwe, wana mambo ya maana zaidi ya kuangalia.

Jambo la kwanza linaonekana kabla hata ya kushuka kwenye gari. Ukiutazama Meru kutoka mjini, unaona mlima uliokamilika. Ukiutazama kutoka Momella, unaona mlima uliobomoka: upande wote wa mashariki haupo. Maelfu ya miaka iliyopita ubavu huo uliporomoka kwa pigo moja kubwa, na mawe, matope na majivu yakamwagika hadi kwenye tambarare iliyo kati ya Meru na Kilimanjaro. Vilima vidogo vidogo vinavyoonekana kuzunguka Momella ni vipande vya mlima vilivyoachwa njiani, na mabonde kati ya vilima hivyo ndiyo yaliyojaa maji yakawa maziwa. Mwanafunzi aliyekaa kwenye kilima kimojawapo akila ndizi amekalia kitu ambacho zamani kilikuwa juu angani.

Mwalimu makini hubeba karatasi mbili zilizochapishwa. Moja ina picha ya Mlima St. Helens wa Marekani kabla ya tarehe 18 Mei 1980, nyingine baada ya siku hiyo, ubavu wake wa kaskazini ulipoporomoka na mlipuko uliofuata ukaua watu 57. Karatasi hizo zikiinuliwa pale Momella, Meru nyuma yake, hakuna maelezo marefu yanayohitajika. Darasani volkano ni pembetatu nadhifu yenye bomba katikati. Mwanafunzi anaichora, anaandika majina ya sehemu zake, anapata alama zake na kusahau. Meru haifanani na mchoro huo, na hiyo ndiyo faida yake.

Kutoka getini watu hutembea kwa mguu wakiongozwa na askari wa hifadhi mwenye bunduki. Simba hawapo katika hifadhi hii, jambo linalowatuliza wazazi wengi wanaolisikia. Nyati wapo, tena wengi, na nyati si mnyama wa kuchezewa. Kanuni ni fupi: hakuna anayemtangulia askari, hakuna anayekimbia, na anayetaka kujisaidia anasema. Twiga huwatazama wapita njia kwa mbali, mbega wenye mikia myeupe huruka kwenye matawi, na kelele za vijana hupungua zenyewe bila mwalimu kufoka.

Njiani kuna mtini mmoja mashuhuri. Ulianza maisha ukining'inia juu ya mti mwingine, ukateremsha mizizi hadi chini, ukaubana mwenyeji wake hadi akafa na kuoza, na sasa umebaki upinde mpana kiasi cha gari kupita katikati. Vijana husimama hapo muda mrefu kuliko ratiba inavyoruhusu. Ratiba ikubali.

Kisha kuna mawe. Kwenye kingo za njia, mahali mvua zilipokata udongo, tabaka za majivu na changarawe za volkano zimepangana, nyeusi, kijivu, njano iliyofifia. Katikati yake hupatikana mawe mepesi yenye vitundu vidogo, ndugu wa yale yanayouzwa sokoni kwa kusugulia visigino. Mpe kijana kijiwe kimoja, mwambie akiweke kwenye kikombe cha maji. Kinaelea. Wenzake watasema ni plastiki. Watakigeuza, watakizamisha kwa kidole, kitaibuka tena. Hapo ndipo maelezo ya gesi yanapoingia vizuri: lava iliyojaa gesi ilipasuka ikitoka ardhini, ikaganda na mapovu yake ndani. Jiwe hilo linarudishwa lilipookotwa, maana hifadhini hakuna kuondoka na kitu, hata kama ni chepesi kama unyoya.

Lakini somo kubwa la Meru liko mdomoni mwa wanafunzi wenyewe. Katika kundi lolote la vijana wa Usa River, Maji ya Chai au Ngarenanyuki wapo ambao wakipigwa picha hufumba midomo. Meno yao yana mabaka ya kahawia. Wanapohamia Dar es Salaam au Dodoma kwa masomo, hutaniwa, na wengine huamini kwamba hawakupiga mswaki vya kutosha utotoni. Mswaki hauhusiki. Miamba na majivu ya volkano hii yana floraidi nyingi. Maji ya mvua yanapopenya humo huiyeyusha na kutoka nayo kwenye chemchemi na visima. Mtoto anayeyanywa wakati meno yake ya ukubwani bado yanajijenga ndani ya fizi, hutoka na mabaka yasiyofutika. Ikizidi sana kwa miaka mingi, floraidi hushambulia hata mifupa.

Shirika la Afya Duniani linapendekeza kiwango kisichozidi miligramu 1.5 kwa lita ya maji ya kunywa. Kuzunguka Meru vipo vyanzo vinavyopita kiwango hicho mara kadhaa, na ndani ya maziwa ya Momella floraidi hufikia mamia ya miligramu kwa lita. Heroe hawajali, wao hujishibia mwani. Floraidi haina rangi wala harufu, kwa hiyo macho hayasaidii. Maji maangavu kabisa yanaweza kuwa mabaya kuliko yenye rangi. Na kuna mlango mwingine ambao kina mama wengi hawaufikirii: magadi ya kuivishia makande na maharage, yanayochotwa kwenye ardhi hizi za volkano, nayo huwa na floraidi.

Hapo hapo Ngurdoto kipo kituo cha utafiti wa kuondoa floraidi kwenye maji, na mojawapo ya njia zake ni kuyachuja kwa mkaa uliotengenezwa kwa mifupa ya ng'ombe. Safari ya volkano inayopita Ngurdoto bila kuwaeleza vijana habari hii imewanyima kitu chao wenyewe. Binti anayejua kwamba meno yake yana historia ya kijiolojia haoni aibu ile ile aliyokuja nayo, na zaidi ya hapo, siku atakapokuwa mama atauliza maji ya mwanawe yanatoka kisima gani.

Mlima una historia ya watu pia. Kaskazini mwa Momella ndiko Ngarenanyuki, ambako mwezi Novemba 1951 serikali ya kikoloni iliwahamisha Wameru kwa nguvu, watu wapatao 3,000, ili ardhi ipewe walowezi wa Kizungu. Nyumba ziliteketezwa. Mwaka uliofuata Kirilo Japhet alisafiri hadi New York kuieleza kesi hiyo mbele ya Umoja wa Mataifa, na ingawa ardhi haikurudi mara moja, habari zake zilienea Tanganyika nzima miaka michache kabla ya uhuru. Vijana wakisimama mahali palipoinuka, mwalimu anaweza kuwaonyesha kwa kidole uwanda huo wenye rutuba na kuuliza kwa nini walowezi waliutaka. Sehemu ya jibu iko chini ya viatu vyao: udongo wa volkano.

Sasa suala la urefu. Njia ya Meru ina vituo viwili vya kulala: Miriakamba, mita 2,514, na Saddle, mita 3,570. Kutoka Saddle watu huamka usiku wa manane kuelekea kileleni, mahali panapoitwa Socialist Peak, jina linalokumbusha enzi za Ujamaa. Kupanda na kushuka huchukua siku tatu hadi nne. Miriakamba hewa ya kupumua ni kama robo tatu ya ile ya pwani. Kileleni haifiki asilimia 60. Mwili huanza kulalamika watu wanapovuka mita 2,500 au hivi, na ujana si kinga. Bingwa wa mbio za shule anaweza kulala chini akitapika huku mwenzake mnene anakunywa chai.

Ubaya wa vijana ni kwamba wanaficha. Mtu mzima akiumwa kichwa husema. Mvulana wa miaka 16 mbele ya wasichana wa darasa lake hufa kiume. Kwa hiyo kiongozi hasubiri kuambiwa. Anawatazama wakila, maana asiyekula ana jambo. Anawatembeza kwenye mstari ulionyooka. Anawauliza mmoja mmoja pembeni. Maumivu ya kichwa yakiambatana na kutapika, kuyumba au kuchanganyikiwa, dawa ni kushuka, na kushuka kunafanyika saa ile ile, hata kama ni usiku na kunawaudhi wengine.

Ndiyo sababu kwa mwanafunzi wa kidato cha kwanza hadi cha nne safari ya Momella hadi kwenye sakafu ya kreta na kurudi inatosha kabisa, au kulala usiku mmoja Miriakamba. Ndani ya kreta kuna kilima cha majivu, volkano changa iliyochipuka ndani ya ile iliyobomoka, na nyuma yake ukuta wa mwamba unaopanda karibu mita 1,500. Anayetaka kuona zaidi ya hapo atakuwa na macho ya pekee. Vijana wa kidato cha tano na sita waliofanya mazoezi wanaweza kufikishwa Little Meru, mita 3,820, wakalala Saddle na kushuka. Kilele kiachwe mpaka mtu awe na umri wa kujiamulia.

Wapo watakaosema kwamba huko ni kuwadekeza, na watautaja usiku wa Desemba 1961, Luteni Alexander Nyirenda alipowasha Mwenge na kusimika bendera ya Tanganyika juu ya Kilimanjaro. Nyirenda alikuwa mwanajeshi. Watataja pia shule ya Outward Bound ya Loitokitok, upande wa Kenya, iliyoanza miaka ya 1950 kuwapandisha vijana Kilimanjaro. Hilo ni kweli, ila vijana wale walikaa kwanza kambini wakifunzwa na kukimbizwa kabla ya kupanda. Hawakutolewa Ijumaa darasani na kupelekwa Jumamosi mlimani.

Kwa jirani zetu wa Kenya safari hizi zimezoeleka zaidi. Mlima Longonot, mita 2,776, karibu na Naivasha, hupokea wanafunzi wa Nairobi kila likizo: kama kilomita tatu hadi kwenye ukingo wa kreta, na kama saba kuuzunguka. Ni volkano ya kufaa kwa kuanzia, inayovuka kidogo tu kiwango ambacho mwili huanza kulalamika, tena kwa matembezi ya siku moja. Lakini ni eneo hilo hilo lililotoa funzo chungu. Mwezi Aprili 2012, kikundi cha vijana wa kanisa kutoka Nairobi kilikuwa ndani ya korongo la Hell's Gate maji ya mvua iliyonyesha mbali yalipofika kwa ghafla, na saba wakapoteza maisha. Mwezi Septemba 2019 mafuriko ya namna hiyo yakaua tena. Udongo wa volkano huchongwa kirahisi na maji, makorongo yake ni membamba, na mbingu za buluu juu ya kichwa hazisemi lolote kuhusu mvua iliyoko kilomita kumi juu. Mwezi wa masika si wa kupeleka watoto makorongoni.

Na Ol Doinyo Lengai je? Kila kijana wa Arusha aliyesikia habari zake anautaka. Ndiyo volkano pekee duniani inayojulikana kutoa sasa hivi lava ya jamii ya magadi, nyeusi inapotoka, nyeupe baada ya kukaa kwenye unyevu, na yenye joto la nyuzi 500 hadi 600 tu, nusu ya lava za kawaida. Mwaka 2007 matetemeko ya eneo lake yalisikika hadi Nairobi, na baadaye mwaka huo ukalipuka, majivu yakafunika malisho ya Wamasai. Ukubwa wa mambo hayo hauondoi ukweli kwamba njia yake ni mteremko mkali wa majivu yanayoteleza, unaopandwa usiku kukwepa jua. Si mahali pa kundi la shule. Wapelekwe chini yake, Engare Sero, ambako kuna nyayo za binadamu zaidi ya 400 zilizogandishwa kwenye majivu ya mlima huo maelfu ya miaka iliyopita, baadhi yake za kundi la watu waliokuwa wakitembea pamoja, wengi wao wakikadiriwa kuwa wanawake. Vijana hupima urefu wa nyayo hizo kwa macho, wakilinganisha na zao, bila kuzikanyaga.

Maandalizi ya Meru hayahitaji duka la kifahari. Buti nzuri za mitumba zipo sokoni, mradi zivaliwe nyumbani majuma mawili kabla ya safari. Suruali ya jinsi ibaki nyumbani. Ikilowa haikauki, na Juni kule juu ni baridi kweli. Koti la mvua, sweta, kofia, soksi za ziada, lita tatu za maji kwa kila mtu. Chapati, mayai ya kuchemsha, karanga na ndizi hufanya kazi kuliko biskuti za rangi. Chupa mbili tatu za chai ya tangawizi zibebwe na walimu.

Fomu ya afya isijazwe kwa mazoea. Mwenye pumu aje na dawa yake mkononi, si kwenye begi lililobaki garini. Mwenye selimundu asipandishwe bila ruhusa ya daktari, kwani hewa hafifu, baridi na uchovu vinaweza kumletea maumivu makali. Yeye afanye safari ya maziwa na Ngurdoto pamoja na mwalimu mmojawapo, na asiachwe nyumbani. Na wasichana wasikatwe kwenye orodha kwa kisingizio cha kulala nje. Awepo matroni, kuwe na chumba chao, taulo za kike ziwe kwenye sanduku la huduma ya kwanza, na mambo hayo yaelezwe wazi kwenye kikao cha wazazi. Shule zinazofanya hivyo hupata wasichana wengi. Zinazokaa kimya hupata wavulana watupu na kudhani wasichana hawapendi milima.

Mvua za masika zikiisha, na shule zikifungwa mwezi Juni, njia huwa kavu na mawingu hufunguka asubuhi. Shirika la Hifadhi za Taifa, TANAPA, hupokea wanafunzi, lakini hawapokei kundi lililojitokeza tu getini. Mwalimu mkuu aandike barua mapema, aeleze idadi, umri na siku. Nawe mzazi, fomu ya ruhusa ikiletwa nyumbani, usiisaini haraka wala usiitupe. Uliza wanalala wapi na mita ngapi juu, uliza gari gani linabaki getini usiku kucha na dereva wake ni nani. Ukijibiwa vizuri, saini.